Biblia Tano na Gauni la Bibi

Nyumbani kwa Bibi,
Chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani,
Jumamosi, 9 Machi.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, macho yako yakiwa yamepona ule wekundu uliotuandikia habari zake mwanzoni mwa mwaka, na goti lako likikuruhusu kupanda ngazi za kiwanda chenu cha uchapishaji bila kusimama katikati kuzihesabu. Je, usingizi unakuja? Je, unakula chakula cha moto, au bado unakula mkate mkavu juu ya prufu, zile kurasa za Biblia unazozisahihisha kabla hazijachapwa, makombo yakidondoka katikati ya manabii? Tafadhali nijibu hayo kwanza, kabla ya yote nitakayokuuliza.

Sisi huku tu wazima, kwa kadiri nyumba yenye mgonjwa inavyoweza kujiita nzima. Bibi anakula, analala, anagomba. Shangazi husema kwamba siku Bibi atakapoacha kugomba ndiyo siku ya kumwita daktari. Upande wake wa kushoto haujarudi tangu kiharusi, huu mwaka wa nne, na maneno yake hutoka nusu. Lakini nusu inayotoka inatosha. Juzi alimwambia Baba Mkubwa, "Shati... chafu," na kaka yako huyo, pamoja na ukubwa wake wote katika ghala la vipuri na uzee wake wa kanisa, alikwenda akabadilisha bila neno.

Mimi nipo nyumbani. Utakuwa umesikia kwamba chuo kimefungwa hadi tarehe 6 Mei kwa sababu ya mgomo wa maji mabwenini. Utakuwa umesikia pia kwamba miongoni mwa sababu hizo mimi nimo. Sikanushi. Nilisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa ndoo haikuwa na kazi nyingine, nikawaambia wenzangu kwamba taasisi inayotufundisha usafi wa fikra haina haki ya kutunyima usafi wa mwili. Walipiga makofi hadi mlinzi naye akapiga. Tangu hapo Shangazi ameniita Kipaza Sauti, na jina limeshika nyumba nzima.

Hata hivyo si mgomo ulionifanya nichukue kalamu. Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa, Baba Mdogo, na hilo si jambo ninalolikiri kwa wepesi. Nimezoea kujua. Sasa sijui, na kila ninapodhani nimejua, mambo yananigeukia.

Kisa chenyewe ni hiki. Unakumbuka kwamba kabla ya Bibi kuanguka, Shangazi alikuwa mkataji, mtu wa kulitandaza jora la kitambaa mezani na kukata suruali sitini kwa mpigo bila kuharibu hata moja. Mwezi uliopita alipata barua. Karakana inayoshona sare za hospitali inamtaka awe mkuu wa wakataji, watu kumi na mmoja chini yake. Ni mwendo wa saa nane kwa basi. Wiki kumi na mbili za majaribio, kuanzia tarehe 1 Aprili, na jibu linatakiwa kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Aliisoma mara moja, akaiweka chini ya mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, akaushusha mguu ule juu yake isipeperuke, kisha akaenda kumgeuza Bibi, maana saa ya kumgeuza ilikuwa imefika.

Mimi nilitaka aende. Ni yeye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, na ni yeye aliyenifundisha kwamba pindo lililoshonwa vibaya halifichwi kwa pasi. Baba Mkubwa alitaka abaki. Alisema mama si mzigo wa kukabidhiana kama ufunguo wa ghala. Basi tukaangukia kwenye desturi ya Babu, ambayo wewe uliikulia na mimi nimeirithi: mwenye shauri zito hutafuta aya, huisoma mezani akiwa amesimama, na hakuna wa kumkatiza mpaka kitabu kifungwe. Babu aliamini kwamba mtu akihangaika siku tatu kutafuta aya ya kumuunga mkono, njiani atagundua kuwa amekosea. Marehemu hakuwahi kuona itifaki, kile kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mahali yalipo. Mimi nilifungua itifaki kwenye neno "huru", na dakika tatu baadaye nilikuwa na silaha mkononi.

Jumapili baada ya ibada tulikaa, Bibi akiwa kwenye kiti chake cha mito.

"Nani anaanza?" Shangazi akauliza, huku akimfuta Bibi kidevu.

"Mkubwa," akasema Baba Mkubwa.

"Mwenye haki," nikasema mimi.

"Basi aanze mkubwa. Mwenye haki ana subira," Shangazi akaamua.

Baba Mkubwa akasimama na ile Biblia yake nzito yenye maelezo pembezoni, aliyoinunua mwaka alipochaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Akasoma barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho, sura ya saba, mstari wa ishirini na moja. Kwa maneno ya Biblia yake, mtu aliyeitwa na Mungu akiwa mtumwa asilitie moyoni jambo hilo. Na hata kama anaweza kupata uhuru, ni heri aitumie hali aliyo nayo. Akafunga kitabu kama mtu anayefunga mlango wa kabati.

Nilicheka, Baba Mdogo. Sikucheka kwa dharau. Nilicheka kwa mshtuko, kwa sababu kidole changu kilikuwa kwenye mstari uleule. Nikasimama na Biblia yangu ya lugha nyepesi, nikasoma: kama uliitwa ukiwa mtumwa usijali, lakini ukipata nafasi ya kuwa huru, itumie.

Hata Bibi aliacha kutafuna.

"Soma tena," akasema Baba Mkubwa.

Nikasoma tena.

"Umebadilisha."

"Nimebadilisha wapi, Baba Mkubwa? Wino huu ulikauka kabla sijazaliwa!"

"Basi hiyo Biblia yenu ya vijana imepikwa."

"Na hiyo yenu ya wazee imechacha."

"Chakula changu ndicho kinachopoa," akasema Shangazi. "Mtume Paulo atasubiri, wali hausubiri."

Tukala. Nilidhani ni suala la nani ana kitabu kibovu, na nikaapa moyoni kumthibitishia. Nikaenda kwa Mchungaji Jumatatu asubuhi kuazima nakala nyingine. Nilimkuta akibandika karatasi kwenye dirisha lililovunjika. Nilipomtajia mstari wenyewe, alishuka kwenye ngazi taratibu kabisa.

"Miaka ishirini na miwili nimehubiri," akasema. "Mstari huo sijaugusa."

"Kwa nini, Mchungaji?"

"Mwanangu, kuna aya za kuhubiri, na kuna aya za kuzipungia mkono ukipita."

Akanipa tatu alizokuwa nazo. Nikazipanga hapa, juu ya meza hii ninayoandikia, tano kwa jumla ukihesabu yangu na ya Baba Mkubwa, aliyoiacha hapa Jumapili, kila moja imefunguliwa ukurasa mmoja, nikachora jedwali nyuma ya bango langu la mgomo, maana karatasi ile ilikuwa kubwa na upande wake wa nyuma haukuwa umeshutumu mtu bado. Tatu zilisema uchukue uhuru. Moja ilisema utumie hali yako. Ya tano ilisema uchukue uhuru, kisha kwenye tanbihi, kwa herufi ndogo kama mchwa, ikakiri kwamba mstari huo unaweza pia kusomwa kinyume chake. Maelezo ya pembezoni kwenye Biblia ya Baba Mkubwa nayo yalikiri vivyo hivyo, ila yeye hakuwa amevaa miwani ya kuyasomea. Nilivyoelewa ni kwamba mwandishi aliandika "tumia", kisha hakusema nini. Akaendelea na safari yake, akatuachia shimo barabarani.

Nikaita majirani wa mstari huo watoe ushahidi. Mstari wa juu yake unasema kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo. Baba Mkubwa nilipompigia simu aliupokea huo kwa shangwe. Wa pili chini yake unasema msiwe watumwa wa wanadamu. Huo nao nimeuzungushia kalamu nyekundu. Mashahidi wawili, wa mtaa mmoja, wa baba mmoja, na kila mmoja anaapa kinyume cha mwenzake. Mimi niliyesimama juu ya ndoo na kutangaza kwamba ukweli una sauti moja, nilikaa chini nikajishika kichwa.

Ninaungama hapa kosa langu, kwa sababu wewe peke yako unaweza kulielewa, wewe ambaye kazi yako ni kutazama herufi mpaka unasahau kuna mtu anayesoma. Juu ya jedwali lile, kwa kuwa kila jedwali huhitaji kichwa, niliandika kwa herufi kubwa: MTUMWA (SHANGAZI). Chini yake safu mbili: ABAKI, na AONDOKE. Kisha nikalitundika ukutani, juu ya cherehani yake, ili wino ukauke.

Jumanne asubuhi alikuja kuchukua mkasi. Nilikuwa mlangoni na chai. Alilisoma bango lote, safu zote, tanbihi zote. Alisoma polepole, kama anavyokagua mshono wa mtu mwingine.

"Kipaza," akasema, "mtumwa ni nani hapa?"

Nikaanza kueleza kwamba ni neno la kitaaluma, kwamba mtume alikuwa akizungumzia hali za kijamii kwa mapana yake.

"Nimekuuliza jina, sijakuuliza mapana."

Nikaiweka chai chini.

"Yule pale ndani ni mama yangu. Si bwana wangu. Sikununuliwa. Nilipomchukua hakuna aliyenitia kamba. Ninyi wengine wote mlikuwa na safari." Alisema hivyo bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Kaka yangu ananisomea nibaki katika utumwa, na wewe unanisomea nitoke utumwani. Mmegombana siku mbili kama majogoo. Hakuna hata mmoja aliyesema, 'Saa nne nitamgeuza Mama mimi.'"

Akalishusha bango, akalikunja vizuri, akanipa mkononi. Hakulichana. Heri angelichana.

Jumatano alivaa viatu vya kutokea. Baba Mkubwa alikuwa amepita kumjulia Bibi hali kabla ya kwenda ghalani, na Shangazi akamsimamisha sebuleni.

"Leo natoka."

"Unakwenda wapi?"

"Kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kukaa tu, Kaka. Nyie mna Biblia tano. Mtasaidiwa."

Na akaondoka. Baba Mkubwa akapiga simu ghalani, akadanganya kwamba ana homa, na huyo ni mzee wa kanisa. Tukabaki wawili, mimi na mpinzani wangu, mbele ya kitanda cha mama yake.

Baba Mdogo, unajua mtu aliyepooza anavyogeuzwa? Mimi sikujua, na nimekaa katika nyumba hii likizo zote za miaka minne. Nilijua historia ya mapinduzi matatu, lakini sikujua kwamba shuka likiwa na kunjo moja tu chini ya nyonga, ngozi itaanza kuwa nyekundu kabla ya mchana. Sikujua kwamba kati ya magoti huwekwa mto mwembamba, si mnene. Sikujua dawa nyeupe hutolewa kabla ya chakula na ya manjano baada yake. Sikujua hata chombo cha haja kinakaa wapi, nilikitafuta jikoni! Ilibidi Bibi mwenyewe anielekeze kwa jicho.

Nilimwaga maji ya moto mno kwenye kitambaa. "Kuku..." Bibi akasema. Nikadhani anataka kuku. "Mimi... si kuku." Alikuwa akinikumbusha kwamba hanyonyolewi.

Na Baba Mkubwa? Nilikuwa nimemwandalia hotuba nzima kichwani, juu ya wanaume wanaosoma wajibu kwa sauti na kuwaachia dada zao kuutekeleza. Kisha nikamwona akiweka viganja vyake kwapani mwake, kimoja kimoja, kuvipasha joto kabla ya kumgusa mama yake. Hakuna aliyemfundisha. Alimwinua kama anayeinua sahani ya kioo, akahema, na jasho likamtoka, na alipomaliza akaniambia, "Kumbe ana uzito wa mtoto." Akageukia dirishani. Hotuba yangu ikaniishia mdomoni, nikamshikia beseni. Mtu huyu amekosea, nami nilikuwa tayari kumshinda. Sasa sijui nimweke safu gani.

Saa saba mchana, tukiwa tumechoka kama wabeba magunia, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya katika siku zote hizo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwuliza Bibi anataka nini.

"Mnasoma..." akasema. "Nasikia. Sikio... halikupooza."

Baba Mkubwa akainamisha kichwa.

"Basi tuambie, Mama. Aende au abaki?"

Lile jicho lake la kulia lilikuwa limetulia juu ya cherehani, ambayo huonekana kutoka kitandani mlango ukiwa wazi.

"Aende," akasema. Kisha, "Naogopa."

Nikamwuliza, kwa ujinga wangu wa kisomi, lipi kati ya maneno hayo mawili ndilo neno lake. Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyevaa shati chafu.

"Yote."

Nimelibeba neno hilo siku tatu sasa, na sijui nilitue wapi. Nilidhani nimekwama kwa sababu watafsiri hawakubaliani, kwamba akipatikana mmoja mwenye ujasiri akajaza lile shimo, njia itanyooka. Sasa namsikia mtu mmoja, mzima wa akili, kitandani pake, akisema mambo mawili yanayopingana kwa pumzi moja, na sithubutu kumwambia afute mojawapo. Je, Paulo naye aliogopa alipofika hapo? Je, aliona sura ya mtu fulani anayemjua? Sijui. Naandika "sijui" na kalamu yangu inanishangaa.

Shangazi alirudi saa kumi jioni. Alimkagua Bibi mgongo, nyonga na visigino, akakuta kunjo moja tu, akalinyoosha. Nikamwuliza alikuwa wapi.

"Stendi. Nimekaa kwenye benchi nikitazama mabasi yanavyoondoka."

"Siku nzima?"

"Yaliondoka mengi."

Kesho yake jioni alituita mezani. Tulidhani atasoma. Hakuwa na kitabu. Alikuwa na karatasi ya kahawia, ile ngumu ya kuchorea vielelezo, na mkasi. Unajua ukali wake juu ya jambo hili: mkataji hakati kitambaa kabla hajapanga vipande vya karatasi vyote mezani, maana kipande kikikosekana baada ya kitambaa kukatwa, hasara ni ya milele. Alikuwa amechora gauni la Bibi, lile analomshonea lenye kufungwa kwa mgongo ili mgonjwa avalishwe bila kuinuliwa. Alikuwa amelikata vipande kumi na viwili, na juu ya kila kimoja ameandika tarehe za wiki moja, kuanzia 1 Aprili hadi 23 Juni. Chini ya tarehe, kwa mwandiko wake mdogo: saa za kumgeuza, dawa, maji, mto mwembamba.

"Sitaki aya," akasema. "Kila mtu achukue anachokiweza. Gauni likikamilika, nakwenda. Lisipokamilika, nitaandika barua ya kukataa, na sitamnunia mtu. Lakini asije mtu kuniambia tena ni Mungu aliyesema."

Baba Mkubwa alisimama kwa mazoea, kana kwamba anataka kusoma, akakaa tena. Akanyoosha mkono akachukua vipande vinne. Ni likizo yake yote ya mwaka, ile aliyokuwa akiitunza ili ajenge uzio wake. Sikuamini. Nilikuwa nimetarajia achukue kimoja tu.

Mimi nilichukua sita. Chuo kinafunguliwa baada ya wiki tano za kwanza za gauni hilo, Baba Mdogo, umehesabu. Kipande cha sita kinaangukia wiki ile ambayo wenzangu wamenipangia kuzungumza mbele ya chuo kizima siku ya kurejea. Nilikishika kipande hicho kwa muda, kisha nikakiweka juu ya vyangu. Mtanisamehe mnaonipenda kwa ajili ya sauti yangu. Siku hiyo nitakuwa nikipasha maji.

Hapo mezani vikabaki viwili, upande wote wa mbele wa kushoto. Tukavitazama. Shangazi hakutuangalia sisi. Aliangalia vile vipande. Baba Mkubwa akasema labda atafutwe mtu wa kulipwa. Kutoka kitandani ikaja sauti, nusu nusu kama kawaida yake.

"Mdogo... wenu... yuko wapi?"

Mimi ndiye ninayejibu sasa, kwa barua hii.

Ninakuungamia kwamba nilipoanza kuiwaza Jumatatu, nilikusudia kukuuliza jambo jingine kabisa. Uliandika kwamba tafsiri mpya mnayoichapa imefika kwenye barua za Paulo, na kwamba prufu hupita mikononi mwako kabla ya kwenda mitamboni. Nilitaka uniambie wameuandikaje mstari ule. Nilitaka hata nikushawishi uwaandikie wataalamu wenu, kwa hoja saba nilizokwisha kuzipanga, waseme wazi "uhuru" na wasiache mwanya. Hoja hizo ninazo bado. Baadhi ni nzuri mno. Ukinitaka nitakutumia.

Lakini sikuulizi hilo tena, au tuseme nitakuuliza siku nyingine, ukiwa umekaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha. Ndani ya bahasha utakuta vipande viwili vya karatasi ya kahawia. Kimoja kimeandikwa 10 hadi 16 Juni, kingine 17 hadi 23. Shangazi hajui kwamba nimevitia humu. Nilivichukua mezani alipokuwa akimlisha Bibi, na kama akiniuliza nitamwambia ukweli. Hukuwepo chumbani wakati wa kuchagua, na si haki mtu achaguliwe bila kuulizwa. Kwa hiyo nakuuliza. Nimejifunza wiki hii kwamba hilo ndilo tulilolikosea sote, wasomaji wa pande zote mbili.

Sitakuandikia aya yoyote ya kukusukuma. Ninazijua nyingi. Najua una kazi, goti, na miaka tisa ya kutokuja ambayo kila mwaka huufanya unaofuata kuwa mgumu zaidi. Inawezekana una sababu nisizozijua, na kwa mara ya kwanza maishani nasema neno hilo bila kulitilia mashaka. Ukiweza, andika "ndiyo" juu ya kila kipande uvirudishe. Usipoweza, virudishe hivyohivyo vilivyo, Shangazi ajue. Vifike kabla ya tarehe 20. Na usivikunje, tafadhali. Karatasi iliyokunjwa haikati sawa.

Bibi anakusalimu. Nilipomwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, alisema jina lako la utotoni, lile ambalo hutaki nilijue, kisha akafumba macho. Baba Mkubwa anakusalimu na kusema uzio utajengwa mwakani. Mchungaji anakusalimu, naye anauliza kama mtauruka mstari ule au mtaukanyaga. Mfikishie salamu zangu jirani yako mpiga chapa na yule mama wa kantini anayekuongezea mchuzi.

Mungu akulinde ngazini na njiani, ayape macho yako mwanga wa kutosha kwa kazi ya siku, na ayafungue masikio yetu sote kabla ya vitabu vyetu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata katika kutojua,

Kipaza Sauti.

Nyongeza: Nimekamatwa. Shangazi ameingia wakati nikilamba bahasha, akavitaka vipande vyake. Nikampa. Amevitazama, akakaa kwenye kiti cha cherehani, kisha akaomba kalamu akaandika kitu nyuma ya kile cha kwanza, akavirudisha mwenyewe ndani. Nimechungulia. Ameandika: "Mdogo wangu, maji yawe ya uvuguvugu, si ya moto. Na mto uwe mwembamba."